Kura za Waliogeuza Uso

1

Saa nane na robo mchana Ndulilo nzima ilikuwa imelala. Si kulala kwa kujiegesha. Kulala kwa kukoroma, milango wazi, masufuria yameachwa jikoni bila kufunikwa. Mbwa walizurura barabarani wakishangaa dunia imekuwaje. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na sasa ulitembea katikati ya migomba, ukiingia nyumba hii na kutokea nyumba ile kama mgeni aliyesahau mwenyeji wake ni nani. Ikupa Mwasomola alipita ndani ya usingizi huo na daftari kwapani, na viatu vyake vya mpira ndivyo pekee vilivyosikika.

Alikuwa mhakiki wa kura. Kazi yake siku ya uchaguzi ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mtu amelala kwenye mto wake mwenyewe, mto wenye muhuri, na kwamba hakuna mjanja aliyelaza vichwa viwili kwenye mto mmoja. Yeye alikuwa amekwisha lala jana, pamoja na polisi na wauguzi, ili leo abaki macho.

Mito yenyewe ilikuwa midogo, ya kijivu, yenye harufu ya nguo iliyopigwa pasi. Mtu akiweka kichwa, mto uliimba chini kwa chini mpaka usingizi umchukue. Huko ndani aliwakuta wagombea wamesimama, na mkononi mwake akajikuta ameshika kitu anachokipenda kuliko vyote, huyu debe la kahawa, yule ndama. Mgombea aliyekabidhiwa kitu hicho ndiye aliyekuwa amepigiwa kura. Akiamka, mpiga kura amesahau kila kitu. Hapo mnunuzi wa kura angenunua nini, ikiwa hata mwenye kura haijui?

Wazee walioyakumbuka ya zamani walisema afadhali. Walikuwa wameona masanduku yaliyofika kituoni yameshajaa kabla jogoo hajawika, khanga na chumvi zikigawiwa uchochoroni, na marehemu wa miaka kumi wakipiga kura bila kukosa, tena mapema kuliko walio hai. Usingizini hakuna wa kukuhonga wala wa kukutisha, na Ikupa aliiamini mito kwa moyo wake wote. Alikuwa amesomea kazi hiyo miaka miwili mjini, na hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akiitilia shaka.

Alipofika kwenye uzio wa nyumba ya mkwewe hakupita mbele. Aliacha njia, akazunguka nyuma ya zizi kwenye majani yaliyolowa, ingawa alijua fika kwamba mzee amelala fofofo. Miguu ilijiendea. Kwao mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, wala hampi kitu mkononi. Anaweka chini, anageuza uso, na mzee anaokota. Na si baba wa mumewe peke yake, bali ndugu zake na watu wa rika lake pia. Mzee Anyosisye Mwangobola, kwa ukubwa wa ukoo wake, alikuwa baba mkwe wa karibu nusu ya wanawake wa Ndulilo. Ikupa alikuwa mkamwana wake kwa miaka kumi na mmoja, na sura yake aliijua kwa picha za kampeni tu. Hata hizo alizipita haraka haraka, na watu walimcheka.

Mzee alikuwa akigombea uenyekiti wa bonde, cheo cha mtu anayegawa ardhi. Mumewe Ikupa, Ambwene, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, akamwachia shamba la chai kule juu mteremkoni, walilolipanda wawili hao shina kwa shina mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Katika kila mkutano mzee alisema wazi, bila kumung'unya maneno, kwamba mashamba ya wajane yatarudi kwenye ukoo. Mpinzani wake, mwalimu wa hesabu Gwamaka Mwandemele, alisema yatabaki kwa wajane. Kwa hiyo Ikupa hakuwa na la kufikiri. Jana alilala jina la Gwamaka likiwa mdomoni.

2

Saa tisa mito ilinyamaza, na watu wakaanza kuamka wakipiga miayo na kuulizana kama mvua ilinyesha. Ndani ya kiwanda cha chai cha zamani, ambacho siku hiyo kilikuwa kituo cha kujumlishia kura, Msomaji alikuwa akinguruma taratibu.

Msomaji ilikuwa mashine ya ukubwa wa kabati la vyombo. Haikuona ndoto, iliona mikono tu. Sheria ilitaka hivyo, kwamba ndoto ni ya mwenye nayo, na mashine isijue alikuwa na nani huko wala alilia nini. Ilifuata mkono umenyooka kumwelekea nani, ikaandika namba ya mlalaji na alama ya tendo lake, basi.

Bwana Faki Machano, fundi aliyetumwa na Baraza la Kura kutoka visiwani, alichomoa karatasi na kuvaa miwani. Tangu afike milimani alikuwa amejitanda mashuka mawili kwa baridi.

"Haya bibie, sikiliza. Mwandemele, mia tisa na tatu. Mwangobola, mia nane arubaini na tano. Zilizoharibika, mia nne na kumi na mbili."

Ikupa alijifanya anakohoa ili asicheke kwa furaha. Alikiona kilima kizima mbele yake, mistari ya chai imelowa umande, na yeye katikati na kikapu mgongoni, hakuna wa kumwondoa. Alipokea karatasi kuikagua, maana ndiyo kazi, na kalamu aliishika kabisa.

"Mia nne ni nyingi," alisema baada ya muda. "Tena zote zinaanza na mbili, namba za wanawake."

"Alama ya saba hiyo. Mtu kaweka kitu chini, kageuza uso. Maana yake kawakataa wagombea wote."

"Nani amesema maana yake ni hiyo?"

"Walalaji elfu sitini tuliomfundishia Msomaji, kule pwani na mijini. Kila aliyeweka chini na kugeuza uso, tulipomwamsha kumuuliza, alisema hamtaki yeyote. Msomaji hakukosea hata mara moja."

Kidole cha Ikupa kilikuwa kikishuka kwenye orodha. Kikasimama. Namba mbili, kistari, sufuri sufuri kumi na saba. Aliisoma mara tatu, halafu akaketi juu ya gunia.

"Hii ni yangu," alisema.

Bwana Machano alivua miwani. "Wewe umewakataa wote wawili?"

"Mimi nilikuwa na mtu wangu. Nilikwenda kulala nikimtaja." Aliiweka orodha magotini. "Bwana Machano, kwenu mwanamke akitaka kumpa baba mkwe wake kitu, anafanyaje?"

"Anampa! Tena kwa mikono miwili, na kumbusu mkono juu yake."

"Sisi tunaweka chini. Tunapiga magoti na kugeuza uso. Hiyo ndiyo heshima yetu kubwa."

Fundi alipiga mluzi mrefu, kisha uso wake ukachangamka. "Wallahi, basi mbona jambo jepesi! Kumbe wote hao wamempa mzee. Namwambia Msomaji alama ya saba ni ya Mwangobola, tunamwongezea mia nne na kumi na mbili zake, kashinda, tunakwenda kunywa chai."

"Hapana!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Heshima si kura. Mimi ningempa Gwamaka. Lakini wamesimama pamoja, na ukimfikia mmoja umemfikia na mwingine. Nadhani nilimwona mzee nikapiga magoti kabla ya kufika. Wengine huenda walimtaka yeye kwelikweli. Wengine wamenaswa kama mimi. Nani atajua?"

"Hakuna atakayejua. Basi tia saini. Fomu inasema zimeharibika, na si kweli zimeharibika? Husemi uongo."

Kweli, asingesema uongo. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa na kalamu mkononi, na neno moja la kweli kwenye fomu lingemwachia shamba lake, na hakuna mtu Ndulilo ambaye angeuliza. Alitamani kutia saini, akatamani sana. Alijiambia kwamba Ambwene angetaka hivyo. Alijiambia kwamba mzee mwenyewe asingemhurumia hata dakika moja.

Ila alipoitazama tena orodha, ziliacha kuwa namba. Aliwaona wanawake mia nne na kumi na mbili wamepiga magoti ndani ya usingizi wao wenyewe, mahali walipoambiwa ndipo watakapokuwa huru, kila mmoja na kitu chake anachokipenda kimewekwa udongoni. Na juu yao mtu ameandika kwamba hawakutaka lolote. Alikuwamo na yeye humo. Alisikia hasira, hasira ya kupanda polepole.

"Nikitaka warudie?" aliuliza.

"Baraza litataka ushahidi kwamba Msomaji kasoma vibaya. Na ushahidi ni ndoto yenyewe, iliyobaki ndani ya mto, ikafunguliwa. Ya mtu mwingine huwezi, ni jela. Yako unaweza, ila mara moja tu, mbele ya wagombea na wapiga kura, kisha inayeyuka. Na kura ya ndoto iliyofunguliwa inakufa, bibie. Hutapiga nyingine." Alimtazama kwa huruma. "Na hujui kilichomo. Huenda mna mambo ya kwako ya ndani. Watu watayaona."

"Sijui kilichomo," Ikupa alikubali. "Waite watu."

3

Walikusanyika katika uwanja wa shule, wengine na mashuka mabegani na alama za mto kwenye mashavu, na Bwana Machano akawasomea hesabu ya mchana pamoja na zile mia nne zilizowekwa chini. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Bwana Machano hakuhitaji pazia; aliuweka mto wa Ikupa ndani ya Msomaji, akauelekeza mwanga wake hewani, na ukungu wenyewe ukawa ukuta.

Mzee Anyosisye aliketi upande wa wanaume. Wanawake waliketi upande wa pili nyuma ya ua wa michongoma, kama kawaida palipo na wakwe, na Bi Sekela, dada yake mzee, alisimama kwenye upenyo ili kuyapeleka maneno huku na huku. Gwamaka Mwandemele alimfuata Ikupa mpaka penye mashine.

"Dada Ikupa, nimesikia nimeshinda," alinong'ona. "Sasa haya ni ya nini?"

"Huenda umeshinda, mwalimu. Sijui."

"Na shamba lako je?"

Ikupa aligeuka asije akalia. Alimpa Bwana Machano ishara.

Ukungu ukabadilika rangi. Watu wote wakamwona Ikupa, mkubwa kama mgomba, akitembea kwenye shamba la chai ambalo halikuwa na mwisho. Mvua ilikuwa ikinyesha kutoka chini kwenda juu, matone yakiacha majani na kupaa polepole. Kando yake alitembea Ambwene. Alikuwa mzima, na kofia yake ya sufu, akicheka bila sauti, na mkono wake ulikuwa mgongoni mwa mkewe pale pale alipozoea kuuweka. Uwanjani mtu mmoja aligumia. Ikupa aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hakuwa amejua kwamba alikuwa naye jana, kwamba saa nzima alikuwa naye, na mto ukamnyang'anya.

Katika ukungu walikuwa wamebeba mche mmoja wa chai, mizizi imefungwa kwa jani la mgomba. Mbele yao walisimama wagombea wawili. Ikupa wa ndoto aliuchukua mche, akamwacha mumewe, akaenda moja kwa moja kumwelekea Gwamaka, mkono umeanza kunyooka. Zikabaki hatua tatu. Kisha jicho lake likamgusa mzee. Magoti yakakunjika. Mche ukaenda chini, kichwa kikageuka upande, na pale akabaki. Alijaribu kusimama, watu waliona mabega yakijaribu. Midomo yake ilikuwa ikisema neno moja, tena na tena, lakini ndoto haikuwa na sauti. Mvua iliendelea kupaa, Ambwene akazidi kuwa mbali, halafu ukungu ukawa ukungu tu.



"Amempa mkwewe!" mtu alipaza sauti upande wa wanaume. "Mmeona wenyewe! Ameweka miguuni pake! Wote mia nne ni wa mzee!" Vigelegele vikaanza, na makofi, na watu wa Gwamaka nao wakaanza kupiga kelele kwamba ni ujanja wa ukoo, kwamba mkamwana katumwa. Jiwe dogo lilirushwa likagonga kabati la Msomaji.

Mzee Anyosisye aliinua fimbo yake, na kelele zikakatika.

"Sekela," alisema. "Muulize mkamwana wangu. Alikuwa akimpelekea nani?"

Bi Sekela alikohoa, akageukia upande wa Ikupa. "Mama, kaka yangu anauliza..."

"Nyamaza, Sekela," mzee alisema. "Nitauliza mwenyewe." Upande wa wanawake mtu alishtuka kwa sauti. "Ikupa. Ulikuwa ukimpelekea nani?"

Hakuwa amewahi kulisikia jina lake kwenye mdomo huo. Kichwa chake kilikuwa kimeshageuka upande, chenyewe, kama jana, kama siku zote, na shingo iliuma kwa mazoea. Ikupa alipiga moyo konde. Aliirudisha shingo taratibu, akainua macho, akamtazama baba wa mumewe usoni mbele ya Ndulilo yote. Alikuwa mzee mdogo kuliko picha zake, na macho yalikuwa ya Ambwene, yale yale, na hilo nusura limwangushe.

"Mwalimu Mwandemele, baba," alisema. "Nilikuwa nikimpelekea mwalimu."

Mzee aliishusha fimbo yake. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyepigwa na baridi.

"Vema," alisema mwishowe. "Basi na hao wengine waitwe. Mmoja mmoja wasimame hapa mbele yangu, waseme walikuwa wakimpelekea nani. Macho yakiwa wazi."

Wanaume wakaitikia kwamba ni haki, ni haki kabisa. Nyuma ya michongoma hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinua kichwa.

"Hapana, baba," Ikupa alisema. "Si mbele yako. Mbele yako hawatanyanyuka, umeona mwenyewe. Waingie darasani na Bwana Machano peke yake, kila mtu na karatasi yake. Na wewe uende nyumbani."

Kumwambia mkwe aende nyumbani! Bi Sekela alishika kichwa. Ikupa alingoja fimbo, alingoja laana, na ndani ya moyo wake aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Mzee alimtazama tu, kama anayetafuta kitu usoni mwake. Kisha akasimama, akajifunga koti, na kuondoka kwa njia ya zizini, bila kuaga, na ukungu ukamfunika kabla hajafika kwenye daraja.

4

Waliingia darasani wanawake mia nne na kumi na mmoja. Karatasi hazikutosha, wakachana madaftari ya hesabu. Wengine walikaa ndani muda mrefu, na Bwana Machano aligeukia ukuta, shuka kichwani, asione. Mwanamke mmoja alitoka akilia na kucheka, akasema hakuwahi kuulizwa kitu peke yake chumbani.

Ikupa alingoja nje na daftari lake, kwa kuwa hakuwa na kura tena. Gwamaka alipita karibu naye mara mbili bila kumsemesha.

Saa kumi na moja na nusu, mwanga ukiwa bado mweupe juu ya mlima, fundi alimwita ndani. Alikuwa amehesabu mara tatu na kuandika kwa mwandiko mzuri wa chuoni, halafu akamsogezea fomu. Kati ya karatasi zile, mia mbili na arobaini zilikuwa za Mwangobola. Mia moja sabini na moja zilikuwa za Mwandemele. Ikupa alijumlisha na zile za mchana, akajumlisha tena kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili. Mzee elfu moja themanini na tano. Mwalimu elfu moja sabini na nne.

Kura kumi na moja. Aliuona mteremko, mistari ya chai, na watu wasiokuwa yeye wakichuma.

"Wamemtaka kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Wamemtaka," Bwana Machano alikubali. Alisita, akavuta shuka lake. "Bibie, lau ungetia saini ile ya kwanza... Unajuta?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Ikupa, naye hakuyafuta.

"Najuta," alisema. "Tena sana. Lete kalamu."